Kabine ya meno iliyokataa kung'oa jino la binti yangu

Nilifunga dola 15 kwenye pindo la kitenge nikaondoka Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, mashariki ya Kongo, kabla jua halijapanda, binti yangu wa miaka 8 nimemshika mkono. Nia ilikuwa moja: jino ling'olewe, turudi, niwahi kuuza kwenye mapumziko ya wanafunzi. Jirani alikuwa amenipigia hesabu: dola 2 za fishi, yaani kadi ya mgonjwa, 10 za kung'oa, zinazobaki ni za dawa ya maumivu na moto, yaani pikipiki, ya kuturudisha. Saa saba mchana tulitoka kwenye kabine ile pesa zimekwisha zote, na jino bado limo mdomoni mwa mtoto. Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo na jino lingalimo. Nimemsimulia kila mama anayesimama kwenye meza yangu ya kuuzia, na sasa naandika ili habari ifike mitaa ya Majengo, Himbi na Mugunga, ambako meza yangu haifiki.

Jina lao sitaliandika. Hawakunituma, hawakunilipa, na yako mambo nitakayowalaumu, kwa hiyo nataka niseme yote kwa uhuru. Ni kabine ndogo huko Katindo, vyumba viwili nyuma ya farmasi, daktari mmoja na wasaidizi wawili.

Kwetu, kwenda kwa muganga wa meno maana yake ni kwenda kung'olewa. Mtu anavumilia mwaka mzima, anatia karafuu, anatia chumvi, na nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja akitia maji ya betri ndani ya tundu la jino. Shavu likishavimba ndipo anakwenda, na akifika huko koleo linamngoja. Mimi mwenyewe niling'olewa gego la chini nikiwa na miaka 19, mahali ambapo sitapataja. Hakuna aliyeniuliza swali lolote. Sindano, koleo, lete pesa, aingie mwingine. Mzizi mmoja ulivunjika ukabaki ndani, nikatoka usaha wiki tatu, na hadi leo natafuna upande wa kushoto tu. Kwa hiyo sikumpeleka binti yangu Katindo nikitegemea kitu kingine. Nilitegemea tu kwamba hawa wangevuta vizuri kuliko wale.

Tulifika saa moja kasoro. Mbele yetu walikuwa watu 14 kwenye benchi mbili, na daktari aliingia saa tatu. Nilipokwenda kulipa fishi, dada wa mapokezi aliigeuza noti yangu ya dola 10 akaninyooshea kucha kwenye pembe: imechanika. Mchaniko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kucha yake. Kila mtu wa Goma anaijua habari hii. Nilitoka nikamtafuta kambisti, mbadilisha pesa, barabarani, akaichukua noti kwa kunikata dola moja nzima. Nilirudi na dola 14 na hasira.

Zamu yetu ilipofika umeme ulikuwa umekatika. Daktari, kijana bado, alivaa taa kichwani kama mchimba madini. Hakushika koleo. Alivuta kigoda akakaa, macho yake sawa na ya mtoto, akamwambia, "Tuhesabu meno yako pamoja, kwa sauti." Wakahesabu. Binti yangu, ambaye usiku kucha alikuwa amenililia kwamba hataki, alikuwa anahesabu mdomo wazi, namba zinatoka zimepinda. Walipomaliza, daktari akanigeukia.

"Mama, hili jino linamwamsha usiku?"

"Hapana, Dokta. Linamuuma akila bombo, pipi hizi, ama chai ikiwa moto sana."

"Maumivu yakianza yanakaa muda gani?"

"Akimeza mate mara mbili yameisha."

"Basi siling'oi."

Nikabishana naye. Nilimwambia Dokta, hilo ni jino la utoto, liondoe tu, litaota lingine, mimi nina biashara. Hakukasirika. Alinipa kile kioo chake kidogo, akasogeza taa, akaniambia nihesabu mwenyewe kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma. Moja, mbili, tatu. Lililotoboka lilikuwa la sita.

Jino la sita huota mtoto akifika miaka 6 hivi. Linaota nyuma ya yale ya utoto, mahali palipokuwa patupu, halisukumi jino wala haling'oi jino, kwa hiyo hakuna damu, hakuna pengo, hakuna cha kumfanya mzazi aangalie. Sisi tunadhani ni mojawapo ya yale 20 ya maziwa. Kumbe ni la kudumu, limo kati ya yale 32 ya mtu mzima, na likitoka hakuna jingine linalolifuata. Nilisimama na kile kioo mkononi nikamkumbuka kijana wangu wa kwanza. Aling'olewa jino hilo hilo, upande huo huo, akiwa na miaka 9. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyemshika mikono.

Kazi yenyewe ilinishangaza kwa utulivu wake. Hakuna mashine iliyolia. Daktari aliweka vipande vya pamba kando ya ufizi ili jino likauke, akachukua kijiko cha chuma chenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama, akaanza kuchota. Kilichotoka kilikuwa laini, rangi ya kahawia, kama ganda la mkate lililolowa chai. Kila alichochota alikifuta kwenye pamba akanionyesha. Aliendelea hivyo mpaka kijiko kikaanza kukwaruza, sauti kavu, akasema hapo ndipo jino gumu linapoanzia. Kisha akachanganya unga na maji yake juu ya kikaratasi, ukawa uji mzito mweupe, akaushindilia ndani ya tundu, akapaka vazelini kwenye ncha ya glavu na kukandamiza kwa kidole. Alihesabu polepole, na mtoto akahesabu naye kichwani, nilimwona kwa vidole vyake vilivyokuwa vinakunjuka kimoja kimoja kwenye kitenge changu. Hakuchomwa sindano, hakulia. "Asile kitu kwa saa moja," daktari akasema, na tukawa tumemaliza.

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo plombaji, yaani kuziba jino, ya watu wasio na pesa. Akaniambia hapana. Njia hiyo ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, watu walipotafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo umeme. Ule uji ni saruji ya meno, inashikamana na jino yenyewe na kuachia floridi kidogo kidogo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Nilifurahi kusikia kwamba mashine haikuhitajika, kwamba giza la Katindo halikumpunguzia mtoto wangu kitu. Akanieleza pia kwa nini aliuliza habari ya usiku: jino linalouma kwa kitu kitamu au cha moto kisha likatulia, mara nyingi bado linaokoleka. Linalokuamsha usiku lenyewe, bila kuguswa, kuoza kwake kumefika kwenye mshipa, na hapo gharama ni nyingine kabisa, au koleo kweli.

Dola 2 za fishi, dola 12 za kuziba. Hesabu ilikwisha pale pale na tulirudi Ndosho kwa miguu, juu ya yale mawe yetu meusi. Sikusikia uchovu.

Lakini kabla hatujatoka aliniuliza swali moja: mchana mtoto huyu anashinda wapi? Nikasema kwenye meza yangu. Nauza mbele ya shule ya msingi, maandazi, karanga, na bombo za franga 100. Meza hiyo ndiyo inayolipa minervali, ada ya shule, ya kaka zake wawili walioko sekondari. Akaniuliza anakula bombo ngapi kwa siku. Sikujua. Akaeleza bila kunilaumu: vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kuacha asidi, asidi inalainisha jino kwa muda wa nusu saa hivi, kisha mate yanalirudishia nguvu. Mtoto akila kitamu mara moja pamoja na chakula, mate yanashinda. Akifyonza bombo moja sasa, nyingine baada ya nusu saa, nyingine tena, mate hayapati nafasi siku nzima. "Si wingi tu, Mama. Ni mara ngapi."

Binti yangu ananisaidia kuuza akitoka darasani, na malipo yake yalikuwa bombo. Mimi ndiye niliyekuwa nampa, moja moja, ili asichoke. Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika maneno hayo.

Bombo sijaacha kuziuza, kwa sababu ya minervali niliyoitaja. Nimezirudisha nyuma ya meza, na mbele nimepanga karanga, ndizi na mahindi ya kuchemsha. Karanga zinakwenda kuliko nilivyofikiri. Mahindi yanalala, watoto wanayataka saa sita tu yakiwa bado yanatoa mvuke. Binti yangu sasa analipwa franga 200 kwa siku, anazitia kwenye kopo la maziwa, na hataki mtu aliguse.

Sasa nije kwenye sehemu ya huduma yao ninayoithamini kuliko hata ile saruji. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi daktari na msaidizi mmoja wanakuja kwetu, kwenye kiwanja cha kanisa, bure. Wanakuja na taya la plastiki na mswaki mkubwa kama ufagio, watoto wanacheka, wanajifunza kusugua huku wanaimba. Kisha kila mtu anaangaliwa mdomo kwa tochi na kupewa kikaratasi kilichokatwa kwenye daftari: wewe uje mapema, wewe baada ya miezi 6, wewe huna neno. Watu wengi wa avenyu yetu hawakuwahi kuambiwa "huna neno" na muganga yeyote. Mama mmoja muuza sambaza alikiweka kikaratasi chake ndani ya Biblia.

Walipokuja mara ya kwanza nilimvuta baba watoto. Alikataa, nikamvuta tena. Amekulia Sake, mji ulio magharibi ya Goma. Meno yake yana mabaka ya kahawia na mistari myeupe kama chaki, mengine yana vishimo vidogo, na tangu ujana wake watu wanamwambia hapigi mswaki. Huyu mtu anasugua kuliko sisi sote. Alikuwa na kopo la mkaa uliosagwa bafuni, akimaliza mkaa anafuata majivu, mpaka fizi zinatoka damu. Akipigwa picha anafunga mdomo. Picha yetu ya harusi mimi nacheka peke yangu. Mwaka 2021, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, tulilala kwa ndugu zake huko Sake, na nikaona watoto kadhaa wa pale wana meno kama yake. Nikadhani ni ukoo.

Daktari alimwangalia chini ya mti wa avoka, hakuchukua hata dakika mbili.

"Papa, utotoni mlikunywa maji gani?"

"Ya mvua. Na ya kijito, mvua ikikosa."

Ikawa ndiyo jibu. Moshi wa Nyiragongo na wa volkeno jirani, Nyamulagira, una gesi zenye floridi ndani yake. Mvua ikipita katika moshi huo inashuka nayo kwenye mabati na mapipa yetu, na miamba ya volkeno nayo inaiachia kwenye chemchemi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na katika eneo hili la Virunga viko vyanzo vya maji vinavyopita hapo. Mtoto akiyanywa katika miaka ile meno ya kudumu yanapojengwa ndani ya taya, hadi miaka 8 hivi, meno yanatoka na mabaka tayari. Mswaki hauwezi kuyaondoa kwa sababu hayako juu ya jino, yamo ndani ya jino lenyewe. Mkaa ulikuwa unamkwaruza tu na kumletea meno ya kuingiwa na baridi.

Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini sana: "Kwa hiyo sikuwa mchafu?"

"Hapana, Papa. Hukuwa mchafu hata siku moja."

Ana miaka 41. Lile kopo la mkaa lilitoka bafuni jioni ile ile, na alilitoa yeye.

Mimi nikabaki na swali, na nadhani wengi mnalo. Kama floridi ndiyo iliyofanya hivi, kwa nini imo kwenye dawa ya meno, na kwa nini wamemzibia binti yangu kwa saruji yenye floridi? Daktari akasema ni suala la kipimo na mahali. Kidogo juu ya jino kinalipa nguvu dhidi ya asidi. Nyingi tumboni, siku baada ya siku, kwa mtoto mdogo, ndiyo inayoharibu lile ambalo bado halijatoka. Basi mtoto wa chini ya miaka 3 apakwe dawa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na mkubwa ndiye ashike dawa, si mtoto. Asuguliwe mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Kisha ateme bila kusukutua kwa maji, ili kile kidogo kibaki kwenye meno. Hilo la kutosukutua lilinishinda kwa wiki nzima, maana nimelelewa kujaza kikombe. Kwa familia zinazokunywa maji ya mvua huko juu upande wa volkeno, alisisitiza zaidi: mtoto asimeze dawa kabisa, na maji ya kunywa ya wadogo yatafutwe kwingine kila inapowezekana.

Akatuambia pia tusome boksi: dawa inayokinga meno ina floridi kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni), na namba hiyo huandikwa. Jumatatu yake nilikwenda Birere nikageuza maboksi matano kwenye kibanda kimoja. Matatu yalikuwa na namba, mawili yalikuwa na picha ya majani na meno yanayong'aa, basi. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni serikali. Nilinunua lenye 1450, na halikuwa la bei kubwa kuliko yote. Wanaotumia mswaki wa mti waendelee, alisema, mti ukichambuliwa vizuri unasafisha, ila wenyewe hauna floridi ya kutosha, kwa hiyo upakeni dawa. Na kila mtu awe na wake. Nyumbani kwetu tulikuwa na miswaki miwili kwa watu saba. Watoto walipewa bure Jumamosi ile, sisi wakubwa tuliuziwa kwa franga 1000.

Kifunga mimba wangu, wa miaka miwili na nusu, alikuwa na meno ya mbele yaliyoliwa hadi karibu na ufizi. Nilikuwa namlaza na biberoni, chupa ya kunyonyea, ya chai yenye sukari, akilala inabaki mdomoni. Kwake hawakuchota. Walimpaka dawa ya maji, matone mawili tu kwa kibrashi, kazi ya dakika moja: ina madini ya fedha na floridi, inasimamisha kuoza, nayo pia imo kwenye ile orodha ya mwaka 2021. Ila sehemu iliyooza inakuwa nyeusi kabisa na weusi huo hautoki tena. Hapa nina lawama. Daktari alinieleza, ndiyo, lakini alinieleza haraka, watu wakiwa wamejaa nyuma yangu, na sikuelewa kwamba nyeusi maana yake ni nyeusi kama mkaa. Mama mkwe wangu alipomwona mjukuu wake alipiga kelele hadi majirani wakaja. Siku tatu hakunisemesha. Dawa yenyewe imefanya kazi, mtoto anatafuna nyama sasa, hashiki tena shavu. Lakini jamani, mwe na picha. Mzazi aonyeshwe picha ya kabla na baada, aichukue nyumbani, aionyeshe na bibi, ndipo aseme ndiyo.

Kuna jambo jingine walilolisema walipokuja mara ya tatu, siku ambayo kiwanjani palijaa familia zilizokimbia vita na watoto waliokonda. Siku hiyo hawakuimba. Daktari aliwaita akina mama karibu akawaeleza kuhusu noma. Unaanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo, mara nyingi ametoka kuugua surua au malaria: ufizi unatoka damu, mdomo unanuka isivyo kawaida, shavu linavimba. Ndani ya siku chache unaweza kula shavu zima na mfupa. Bila matibabu unaua hadi watoto 9 kati ya 10, na wanaopona wanabaki na sura iliyoharibika. Ukiwahiwa mapema, dawa za kuua vijidudu, kusafisha mdomo na chakula kizuri vinausimamisha. Hauambukizi na si uchawi. Mwezi wa Desemba 2023 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipouandika kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mama mmoja akasema kijijini kwao mtoto wa namna hiyo alifichwa ndani ya nyumba mpaka akafa. Hakuna aliyemjibu. Daktari alimwomba jina la kijiji, akaandika. Ukiona dalili hizo kwa mtoto wa jirani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi.

Lawama nyingine ni za kawaida lakini zinauma. Dada wa mapokezi anawasemesha Kifaransa hata mabibi wanaotoka Mugunga na Rusayo. Nilimwona kikongwe mmoja akiitikia "oui" kwa kila kitu, na baadaye akaniuliza mimi ameambiwa nini. Daktari anasema nasi Kiswahili kizuri cha nyumbani, sasa mlangoni kwake kwa nini tuwe wageni? Choo hakina maji, ni bidoni moja ambayo saa tano imekwisha. Hawatoi risiti mpaka uombe. Na kungoja kwa muda wa saa nne au tano na mtoto mwenye njaa si kitu kidogo. Tarehe wanaandika kwenye fishi, saa hawaandiki, wote tunarundikana asubuhi. Wangetugawa tu, wa Ndosho asubuhi, wa Majengo mchana, benchi zingetosha.

Bei zao, nilizolipa mwenyewe au kuziona zikilipwa: fishi dola 2, kung'oa 10, kuziba jino la mtoto 12, la mtu mzima 20, ile dawa nyeusi dola 3. Kwa mwenye kuuza maandazi hiyo si bei nyepesi. Lakini nilikuwa nimekubali kutoa 10 ili mtoto wangu apoteze jino maisha yake yote, na kwa mbili zaidi analo. Unaweza kulipa kwa mafungu mawili ukisema mapema. Beba noti safi, na beba chakula cha mtoto, ale kabla ya kuingia, maana baadaye atangoja saa moja.

Mwezi uliopita tulirudi kuangaliwa. Saruji imekaa, pembe moja tu imelika kidogo, akaisawazisha bila kututoza. Binti yangu alipanda kitini peke yake. Mimi nilipanda baada yake, nikamwonyesha daktari ule upande nisioutumia, na amenipa tarehe ya kuutoa ule mzizi wa miaka yote.

Nyumbani nimebaki na mmoja wa kulindwa, kijana wangu wa tano-kwenda-sita. Kila Jumapili jioni namlaza mapajani, anafungua mdomo, kaka yake anashika tochi ya simu. Juzi, nyuma kabisa upande wa kulia chini, ufizi ulikuwa umefunguka kidogo, na ndani yake kuna kitu cheupe, ncha mbili.

Nimeanza kulipiga mswaki.